Uso wa Nyuma ya Kiambaza

...na macho yabaki chini, Sena, yabaki hapo hapo kwenye ndoo, maji hayajamdhuru mtu kwa kutazamwa, usiinue kichwa, jiwe la kizingiti liko chini ya nyayo zako na mbele yake si pako, hapakuwa pako jana wala miaka yote uliyofagia kanisa hili, ila jana kulikuwa na kiambaza, jamani, kiambaza cha mbao na watakatifu wake waliojipanga kama majirani kwenye picha ya harusi, na kimlango chake chenye pazia jekundu ambalo nimelifua mimi, nimelipiga pasi mimi, kisha nikamkabidhi Mete alitundike yeye, kwa sababu mwanamke haingii madhabahuni, ndivyo tulivyolelewa, na asubuhi hii wamekibeba kiambaza kizima kama mgonjwa, wamekifunga mablanketi, wamekipeleka kutibiwa dumuzi, na pale palipokuwa na mbao hakuna kitu, hewa tupu, na ndani ya hewa hiyo huyu binti Iskra, fundi wa michoro kutoka Skopje, anapanda na kushuka ngazi na suruali yake yenye madoa ya chokaa, anakohoa, anaimba kidogo, anaisimulia simu yake anachokiona ili asisahau, kama vile yuko jikoni kwao. "Shangazi Sena, niletee maji humu ndani, na wewe uje uone." Nije nione, anasema, kama vile kuona ni kitu chepesi, padri Sotir amembariki aingie, sawa, kazi ni kazi, mimi hakunibariki mtu, mimi mama mkwe wangu Despa, Mungu amrehemu kwa anayostahili kurehemewa, alinishika kidevu asubuhi ya kwanza ya ubibi harusi wangu, hata kahawa sijanywa, akanipa ufagio na kuniambia, "Mkamwana, kanisa ni letu kulifagia, lakini ukivuka lile jiwe miguu itakusahau," na mimi nikacheka moyoni, lakini miguu yangu haikucheka, tazama ilivyo sasa, imekazana juu ya jiwe kama imepigwa misumari.

Ingekuwa ni dhambi tu ningeshaitenda, kwa umri wangu mtu hutenda na kutubu kwa pumzi moja, ninachokiogopa si dhambi, ninamwogopa Mete, mume wangu, tuliyemzika vuli iliyopita kule juu ambapo ziwa linaonekana lote, Mete aliyekuwa mtunza kanisa kama baba yake, aliyekuwa anaingia humo ndani na ubani na makaa na kutoka na nta kwenye vidole, na kila nilipomuuliza, haya niambie, yukoje huyo Mama wa Mungu aliyechorwa kule nyuma, alikuwa ananiambia kila kitu kwa utaratibu, kwamba amesimama ameinua mikono, kwamba vazi lake ni buluu ya ziwa pale mbele ya mwamba wa Kaneo upepo wa kusini unapoanza, kwamba pindo lake lina uzi mwekundu, na uso je, Mete, na hapo kila mara alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali, anasema, "Nikiingia humo nakuona wewe." Basi. Nakuona wewe. Kijana wa kiume akikuambia hivyo ukiwa na umri wa kuposwa unaguna na kugeuza shingo, lakini huyu aliniambia nikiwa na mtoto mkononi, aliniambia nikiwa na mvi, aliniambia meno ya mbele yakiwa kwenye glasi, na mimi nikajiwekea neno hilo mahali pake, wanawake wengine wa mtaa huu waume zao waliwaongezea ghorofa wakapangisha watalii, mimi nilikuwa na uso nyuma ya kiambaza, na nilitosheka, nafagia huku upande wangu najua upande wa pili niko pia, nimeinua mikono, nimevaa ziwa, na wageni walipogonga mlango wangu kuomba ufunguo, ule ufunguo wa chuma unaoning'inia kando ya kioo, mzito kama samaki aliyenona, Wadachi na Wajerumani na wale wa Belgrade wanaojifanya hawaoni baridi, nikawafungulia na kuwaonyesha kuta za huku nje, kisha nikaelekeza kidole kwenye pazia na kusema, kule, Mama wa Mungu, mzuri sana, na nikaona haya kidogo kama mtu anayejisifu, na sasa kiambaza hakipo, na nikiinua macho nikamkuta mwanamke mwingine, mwenye pua ndefu na kinywa kidogo, asiyehusiana nami hata kwa ujomba wa mbali, basi yale yote yalikuwa nini, Mete, nimuulize nani, niliolewa na maneno au niliolewa na mtu...

Anasema nini huyu, anaongea na simu yake, mia saba, miaka mia saba anasema, na sauti yake inashuka anaposema hivyo, hata yeye aliyesomea, lipu ya kwanza, hakuna iliyopakwa juu yake, anasema unaweza kuona mahali mchoraji aliposimamisha kazi jioni na kuanza tena kesho yake, kuna mstari, lipu ya jana na lipu ya leo, na mimi namwona, mtu bila jina, anashuka ngazi kama hii ya Iskra, mgongo unamuuma, anatoka nje kunawa rangi ziwani, maji yale yale, mtini haujaota bado ukutani lakini ziwa lipo, milima ya ng'ambo ipo ile ile, ananawa na buluu inaondoka mkononi mwake kwenda kwenye buluu, anakula mkate wake na samaki wawili wa kuchoma, belvica wa ziwa hili, halafu kesho anapanda tena kuchora uso, na wafalme wote wa ngome ile kule juu wamekuwa udongo na mstari wa jioni yake moja bado upo, unaonekana, yule binti anaugusa kwa kidole. Watalii huambiwa mji huu una kanisa kwa kila siku ya mwaka, sijui nani alihesabu, mimi nimepewa moja tu na limenishinda kulitazama. "Shangazi, huko nje watakatifu wako wametobolewa macho, unawaambiaje wageni?" Nikamjibu bila kuinua kichwa, nawaambia ni Waturuki, mwanangu, kila mtu hapa anasema ni Waturuki. Akacheka, si kwa ubaya, kicheko chake kikazunguka kuba na kunirudia. "Mnawasingizia Waturuki wa watu. Hao ni bibi zenu. Mtoto akiumwa macho, bibi anakuja na kisu, anakwangua rangi kidogo kwenye macho ya mtakatifu, anachanganya na maji, anamtilia. Nimeona hivyo nusu ya makanisa niliyofanyia kazi." Bibi zetu, ati, nikataka kubisha, nikamkumbuka Despa na mkoba wake wa dawa na sikubisha, maana Despa angemkwangua hata padri kama angejua anatibu kikohozi.

Halafu akapanda ngazi, nimesikia vipago, kimoja, kingine, na kimya, na ni kile kimya cha mtu aliyefungua sufuria akakuta haina kitu, kisha akasema na simu, polepole, kwa sauti ya kazi, mikono ipo, vazi lipo, duara la nuru lipo kamili, na uso haupo. Haupo. Nimesikia vizuri, sina ugonjwa wa masikio, uso wote umekwanguliwa, kuanzia paji hadi kidevu, imebaki lipu tupu, na ndoo imeniyumba mkononi, maji yamenimwagikia kiatu, kwa sababu afadhali pua ndefu, afadhali hata yule mwanamke wa kinywa kidogo, lakini hakuna mtu, Mete, hapakuwa na mtu humo, ulikuwa unatoka kwenye pazia unajifuta mikono unanitazama na kuniambia unaniona, na ulikuwa umetoka kutazama ukuta, maisha yangu yote umenifananisha na lipu, na mimi mjinga nikawaelekezea Wadachi kidole, mzuri sana, mzuri sana, mtu akichezewa na jirani anasema, akichezewa na mume aliyekufa atakwenda kumsutia wapi, kaburi halina mlango wa kugonga, na Despa alijua, na padri Sotir alijua, wanaume wote waliowahi kuvuka jiwe hili walijua, isipokuwa mfagizi.

"Ajabu sana," anasema Iskra kule juu, na hasemi nami, anasema na ukuta. Sasa anasogeza taa, mwanga unapita kwenye maji ya ndoo yangu na kuondoka. Anasema kwamba mwenye chuki hupiga kwa ncha, anachimba, anatoboa, na huyu hakuchimba, huyu amekwangua kwa ubapa wa kisu, juu juu, kidogo kidogo, akifuata mchoro, kama mtu anayeparua ngozi ya maziwa asimwage maziwa. Anasema macho yaliondoka zamani, mikono mingine, karne nyingine, lakini mashavu na paji na kinywa si zamani, lipu yake bado nyeupe, kiasi cha umri wa mtu mzima tu. Anasema chini yake kuna nta, matone mengi yamerundikana mahali pamoja, mtu alisimama na mshumaa mkono huu na kisu mkono ule, na mshumaa ulikuwa unatetemeka, maana nta imeruka huku na huku. "Huyu mtu alikuwa anaogopa mpaka anatetemeka, shangazi, na bado hakuacha. Sijui alikuwa anataka nini." Halafu ameniuliza, kwa upole, kwamba mjomba Mete aliingia humu siku zote, je, hakuwahi kusema uso huu ulikuwaje, au nani... na swali limekaa hewani hapo palipokuwa na kiambaza, mimi bado natazama maji, lakini sipo kwenye maji, nimelala kitandani kwa Despa mchana wa joto, wakati mji mzima umelala baada ya chakula, na macho yangu yamefungwa kitambaa cheupe.

Wiki ya uzazi ilikuwa, Kiril wangu ametoka, nimemsikia analia, nimemshika, nimemnusa, sikumwona, kwa sababu homa ilipanda na kunishukia machoni, ikawa usaha na moto, mwanga ukinigusa napiga yowe, na daktari wa zahanati akaacha mafuta ya kupaka na kumwambia Mete mlangoni, akidhani nimelala, kwamba jicho moja limekwenda na la pili linafuata, nami nilikuwa macho, kama neno hilo linafaa, na nikamwambia Mete sitaki kitu kingine duniani, kipofu nitakuwa, nitafagia kwa kupapasa, ila niuone uso wa mtoto mara moja kwanza, mara moja tu nijue nambeba nani, na yeye akaondoka, nikasikia ufunguo ukitolewa kando ya kioo, ule wa kuning'inia, ukagonga ukuta kama unavyogonga mpaka leo, nikasikia viatu vyake kwenye mawe, mlango wa kanisa hauko mbali na kitanda kile, nikasikia bawaba, nikadhani amekwenda kusali, na mtu anasali kiasi gani, alikaa muda wa unga kuumuka, akarudi anapumua kama ametoka kupiga mbizi, na Despa kwa mara moja katika maisha yake hakusema kitu, nikasikia kijiko kikigonga kikombe kidogo cha kahawa, ting ting, nani anakunywa kahawa saa hizi, na meno ya mtu yanagongana, meno ya Mete, mchana wa Agosti, na kitambaa kikafunguliwa na tone likaingia, baridi, lina chembe, linakwaruza kama mchanga wa ziwani, nikauliza dawa gani hii, Despa akasema, "Nyamaza, mkamwana, ni dawa ya nyumba hii," na Mete akatoka nje, nikamsikia anatapika chini ya mtini.

Nikapona, mtu huwa anapona, daktari alijipongeza kwa mafuta yake mpaka alipostaafu na mimi sikumnyima, mtu asinyimwe furaha yake, na kitambaa kilipotoka nikamwona Kiril, mwekundu, amekasirika, mzuri kupita kiasi, na nyuma ya Kiril baba yake amesimama mlangoni, hasogei, uso wa mtu anayengoja kupigwa, ananitazama machoni na hacheki, na nilimwambia, wewe, njoo, naona, na hakuja, akapiga magoti pale pale mlangoni na kujifanya anafunga kamba ya kiatu, na nikafikiri ni furaha, nikafikiri ni mwanamume hajui kulia mbele za watu... na tangu mwaka ule, jamani, tangu mwaka ule ule, kila sikukuu ya Mama wa Mungu, watu wakiisha kubusu picha takatifu mmoja mmoja na kutoka, Mete anatoka wa mwisho nyuma ya pazia, anapangusa mdomo kwa kiganja, anakuja mpaka niliposimama na ufagio wangu, anajifanyia ishara ya msalaba, na ananibusu kwenye kope, hili, halafu hili, mbele ya mtaa mzima, si shavu, si paji, kope, nami nasimama nimefumba macho nimeiva kwa haya, na jirani Fania, ambaye ulimi wake haukuwahi kuwa na kufuli, anapiga kelele toka mlangoni, "Mete, umepotea njia, mdomo uko chini kidogo," na watu wanaangua kicheko, na Mete hakuwahi kucheka, mwaka hata mmoja, nilidhani ni mtu asiyejua utani, nilimsema njiani tukirudi, unatufanya kichekesho, akasema, acha wacheke, Sena, mimi nimekwisha kubusu.

Amekwisha kubusu. Ee Mungu mwenye huruma. Hakuwa ananibusu mimi, au alikuwa ananibusu mimi na Mama wa Mungu kwa busu moja, alikuwa anamaliza mstari wa wale waliobusu picha, yeye wa mwisho, alijua picha iko wapi kwa sababu aliihamisha mwenyewe, kwa kisu cha kukunja na kikombe cha kahawa, na akaniambia kila mara nilipomuuliza, hakunificha, nikiingia humo nakuona wewe, alisimama na ubani mbele ya lipu tupu na alichokiona pale ni mimi, kitandani, na kitambaa cheupe, na alinyamaza mpaka akafa kwa sababu alidhani ameiba, na wala hakuiba, au aliiba, sijui, nani ahukumu, yule mtu asiye na jina aliyepanda ngazi kesho yake kuchora uso, je, angemkata mkono au angemshikia mshumaa, nafikiri angemshikia mshumaa, alikuwa anakula samaki wa hapa hapa, alikuwa na mke labda. Na mimi nimetembea nao. Ule uso. Nimeutembeza sokoni, nimeumenyea vitunguu, nimeulilia Kiril alipohamia Uswisi, nimekodoa nao mbele ya televisheni, kila asubuhi nimefungua dirisha na kutazama ziwa na kusema moyoni, leo limetulia, leo limechafuka, na si mimi peke yangu niliyekuwa natazama... na wale wa huku nje, watakatifu wa ukutani wote na mashimo yao, hawakuwa vipofu, walinywewa, walitiwa kwa matone, karne hadi karne, bibi hadi bibi, wamo mjini, macho yao yamepita kwa watoto na watoto wa watoto, yanateremka mtaa wa Varoš asubuhi kwenda kununua mkate, yanamkodolea samaki aliyelala kwenye barafu, yanazungusha wageni kwa mashua, Fania na ulimi wake anayo labda ya mtakatifu fulani aliyefia dini kule Sebaste, mji mzima huu unatazama ziwa kwa macho yaliyochorwa, na tunasema ni Waturuki, na nimeshika ndoo na mikono inanitetemeka kama ya Mete, na nasema nisilie, Sena, usilie, usije ukamwaga kitu ambacho si chako.

"Shangazi? Uko salama?" Niko salama, mwanangu. "Nimekuuliza kuhusu mjomba. Kama alikuambia uso ulikuwaje." Aliniambia, nimesema, na sauti yangu imetoka nzima, sikuitegemea, aliniambia mara nyingi mno, mimi ndiye sikuwa nasikia, andika alikuwa mke anayengoja kumwona mtoto wake, na kuhusu yule aliyekwangua andika hivyo hivyo ulivyosema, kwamba alitetemeka na hakuacha, usiongeze wala usipunguze. Simu ya Iskra inasikiliza, na mimi nimeinua kichwa. Kwanza pindo, uzi mwekundu, kweli, Mete, upo, halafu buluu, na ni ile ya mbele ya Kaneo upepo wa kusini unapoanza, hukunidanganya hata uzi mmoja, halafu mikono iliyoinuliwa, mikubwa, ya mtu wa kazi, halafu duara la nuru la manjano kama mahindi, na katikati yake weupe, hakuna pua, hakuna kinywa, weupe mtulivu wa unga uliochungwa, na miaka yote hii amesimama gizani hivyo bila kuona kitu, alitoa akabaki ameinua mikono, na sasa mlango uko wazi nyuma yangu na mtini unatikisika na kule chini ziwa limejaa jua, najua limejaa, nimetoka kulitazama sasa hivi nilipoteka maji, bado liko machoni, basi nimeyafungua macho yote mawili kadiri yanavyofunguka, na nimemtazama bila kupepesa, ili na yeye aone, na Iskra anasema maji, shangazi, maji yangu, nami nimesimama pale pale juu ya jiwe, kiatu kimelowa, ndoo mkononi, sijasogea.